Chini ya Kikombe

Mwalimu Chengula alikileta kitabu klabuni
ndani ya mfuko wa mbolea, mvua isikiguse.
Alikinunua pamoja na kiti kibovu na taa mbili
siku vitu vya Mgiriki wa tumbaku vilipopigwa mnada.
Akakifungua juu ya pipa langu la ulanzi:
"Redemta, hebu ona wenzako walivyokuwa wakinywa."

Vikombe vipana kama ungo, vyenye masikio mawili,
vyeusi, na watu wake rangi ya tofali lililoiva.
Nikauliza, hawa ndio Wayunani wa Paulo?
Akasema ndio, ila hawa walitangulia, Paulo hajazaliwa.
Kimoja kimechorwa macho mawili makubwa kwa nje;
mnywaji akikiinua, uso wake unakuwa kikombe,
na kikombe kinakukodolea wewe uliyekaa na kiu.
Nikacheka. Mbeta zangu hazina macho,
lakini deni la kila mtu zinalijua.

Wapo wanaokunywa wamejilaza vitandani
(hapa kwangu benchi lenyewe lina miguu mitatu),
yupo anayerusha mashapo ya divai kwa kidole,
yupo binti anapuliza filimbi mbili kwa mpigo,
mashavu yamevimba, hakuna anayemtazama.
Mwalimu akasoma maandishi: kijana fulani ni mzuri.
Na binti?
Binti hakuandikiwa kitu.

Kisha akafunua ukurasa uliokunjwa pembe.
Picha hii, akasema, ilikuwa ndani, kwenye kitako.
Huioni mpaka umalize.
Kijana ameinama, anatapika,
na mwanamke amemshika paji la uso.

Hapo nilinyamaza. Mkangafu unatoa povu nyuma yangu,
mzee Nyalusi anadai chenji yake,
nami namtazama yule mwanamke.
Anavyoshika nakujua. Si kwa kiganja kizima;
ni vidole vinne, gumba limeachwa huru
kuzuia nywele zisishuke. Mguu mmoja nyuma,
kwa kuwa mlevi huangukia mbele.
Hilo halibuniwi. Aliyechora aliwahi kushikwa,
ama alikaa pembeni, mtoto, akaona mamaye akishika.

Mwezi wa pili, mianzi ilipotoa kupita kiasi,
nilimshika Mwalimu mwenyewe nyuma ya klabu,
ukungu wa Kidabaga umetufunika mpaka miguu.
Paji lake la moto kama la kichanga.
Alisema kitu kwa Kihehe, kitu kwa Kiingereza,
halafu jina la marehemu mkewe, mara mbili.
Asubuhi hakuja. Wala keshoye.

Nikachukua mbeta mpya, nikautia msumari motoni.
Mwanzi mgumu, mstari unateleza;
kichwa cha kwanza kilitoka kama kiazi.
Ndani mkono haufiki,
basi nikachoma kitakoni, kwa nje:
mmoja ameinama, mmoja ameshika.
Wewe unayekunywa huioni.
Huiona aliyekaa mbele yako
ukiinamisha tone la mwisho.

Sasa wanagombana ni nani yule.
Nyalusi anasema Kihwele, Kihwele anasema Nyalusi,
na kila mmoja anamaliza haraka kuliko zamani
ili mwenzake aone, au asione, sijui.

Mwalimu alirudi siku ya tisa. Alikunywa polepole,
akaigeuza mbeta, akatazama kwa muda,
akaomba msumari.
Nilidhani atakwangua.
Akaandika juu ya kichwa cha mwanamke,
ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza:
REDEM, na nafasi ikaisha,
TA ikapanda ukingoni.
Akalipa. Na ya siku ile pia.

Nimeitundika juu ya mlango; haiuzwi.
Ila wakijaa watu na mbeta zikapungua
naishusha, naisuuza,
inanywewa kama nyingine.